Bolivia

Bolivia (mwananchi: Mbolivia, wingi: Wabolivia) ni nchi ya Amerika ya Kusini isiyo na pwani, yenye eneo la kilomita za mraba 1,098,581. Imepakana na Brazil, Paraguay, Argentina, Chile na Peru. Magharibi milima ya Andes imeuzunguka uwanda wa juu uitwao Altiplano, lilipo ziwa Titicaca. Mashariki, sehemu iliyo kubwa zaidi na isiyotajwa sana, ni tambarare zenye joto na misitu.

Mji mkuu kwa mujibu wa katiba ni Sucre, yalipo makao ya mahakama ya juu. Rais na Bunge wako La Paz, ambako serikali ilihamia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1898–1899. Kwa hiyo mfasiri ataiita La Paz “makao ya serikali”, hata kama matini anayoifasiri imeiita mji mkuu.

Kabla ya Wahispania, nyanda za juu zilikuwa chini ya Dola la Inka. Mwaka 1545 iligunduliwa fedha huko Potosí, yaani madini, ingawa nyingi iliishia kuwa sarafu. Wenyeji walilazimishwa kuichimba kwa zamu. Uhuru ulitangazwa tarehe 6 Agosti 1825, na nchi ikapewa jina la Simón Bolívar.

Maneno “isiyo na pwani” ni sahihi kijiografia, lakini kwa Wabolivia yanagusa kidonda. Pwani walikuwa nayo. Chile iliitwaa katika vita vilivyoanza 1879, na mkataba wa 1904 ukathibitisha hasara hiyo. Hata hivyo jeshi la majini lipo mpaka leo, likifanya doria ziwani na mitoni, na kila tarehe 23 Machi huadhimishwa Siku ya Bahari. Mwaka 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Chile haiwajibiki kisheria kujadiliana na Bolivia kuhusu njia ya kufika baharini. Matini za Kibolivia husema juu ya “kurudi” baharini. Kitenzi hicho kisibadilishwe kuwa “kupata”.

Katiba ya 2009 inatambua Kihispania pamoja na lugha 36 za wenyeji, zikiwemo Kikechua na Kiaymara. Jina rasmi ni Dola la Mataifa Mengi la Bolivia, na “mataifa” hapa ni jamii za wenyeji asilia, si nchi.