Suluhu na Uamuzi: Reli ya Ainabkoi na Historia ya Kukata Mashauri ya Biashara Katika Afrika Mashariki

Stesheni ya Ainabkoi imo katika nyanda za juu za Uasin Gishu, baina ya Timboroa, ambako reli hupanda zaidi ya meta 2,700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Eldoret. Reli ya kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924, na njia hiyo ilipoendelezwa ikaingia Kampala mwaka 1931. Tangu hapo Ainabkoi, mahali pa viazi, mahindi na maziwa, pasipo na bandari wala mpaka wa nchi, pakawa kipenyo cha biashara ya mataifa. Gunia la kahawa lililopita hapo likielekea Mombasa huenda lilitoka kwa mfanyabiashara wa Kampala, likanunuliwa na kampuni ya London, likabebwa na shirika la reli lenye makao Nairobi, na kukatiwa bima kwingineko. Likilowa au likipotea njiani, hapana budi kuuliza, kabla ya kumtafuta mwenye kosa, ni nani mwenye mamlaka ya kumtaja.

Mfanyabiashara wa Kampala haiamini sana mahakama ya nchi ya mwenziwe, na mwenziwe naye haiamini ya Kampala. Kwa hiyo wafanyabiashara wa nchi mbalimbali wamependelea tangu zamani kumteua mtu wao wenyewe, asiye wa upande huu wala ule, na kuahidiana kwamba neno lake litafuatwa. Njia hii, kwa Kiswahili cha siku hizi, aghalabu huitwa "usuluhishi". Na katika neno hilo ndimo tatizo lilimojificha.

Suluhu ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni mapatano ambayo pande zote mbili zimeyaridhia. Msuluhishi hushauri, hubembeleza, hupunguza hapa na kuongeza pale. Akishindwa, kila mtu hushika njia yake na hakuna aliyefungwa na lolote. Lakini katika mikataba ya biashara baina ya nchi na nchi jambo linalotajwa ni jingine kabisa. Hapo watu hukubaliana kwanza, kwa maandishi, kwamba watatii. Kisha yule waliyemteua hukata shauri, hata kama mmoja wao analia. Neno linaloielekea maana hii ni uamuzi. Kuamua ni neno la Kibantu, na maana zake katika matumizi ni mbili: kuwatenganisha watu wanaopigana, na kukata shauri lao. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania, inayoshughulikia migogoro ya kazi, imeyatenga maneno haya mawili katika jina lake. Ilhali katika nchi hiyohiyo sheria inayohusu mashauri ya biashara yanayokatwa na mwamuzi huitwa kwa kawaida Sheria ya Usuluhishi. Mkulima au mchuuzi anayetia sahihi mkataba wenye neno "msuluhishi" huweza kudhani kwamba amejiwekea nafasi ya kukataa mwishoni. Hana nafasi hiyo. Katika makala haya "usuluhishi" utakuwa ni ule wa kupatanisha tu, na "uamuzi" utakuwa ni ule unaofunga.

Tofauti hii haikuwa ngeni kwa watu wa nyanda hizo za juu. Baraza la ujirani la Wakalenjin, kokwet, lilikuwa likikata mashauri ya mifugo, mipaka na deni mbele ya wazee, kwa mazungumzo marefu hadi neno moja lipatikane. Lakini nguvu yake ilitokana na ujirani wenyewe. Aliyekaidi alijua kwamba kesho atahitaji mkono wa jirani katika palizi au ujenzi. Nguvu ya namna hiyo haiwezi kumfikia mtu aliye ng'ambo ya bahari, ambaye hatahitaji mkono wa yeyote Ainabkoi. Baina ya wageni, mahali pa ujirani pamekamatwa na karatasi.

Ili kuona jinsi karatasi ilivyoingia Afrika Mashariki yafaa kushuka pwani kwanza, maana mfano wa zamani ulio wazi kabisa ni wa Lamu. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Sayyid Barghash bin Said wa Unguja, aliyefariki mwaka 1888, kampuni mbili ziligombea kukodishwa forodha na utawala wa kisiwa hicho: kampuni ya Wajerumani iliyokuwa na shughuli zake Witu, na Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliyoongozwa na William Mackinnon. Wajerumani walidai kwamba walikwisha kuahidiwa na Sultani. Serikali za Ujerumani na Uingereza zikakubaliana kumpa shauri hilo Baron Lambermont, Waziri wa Nchi wa Ubelgiji. Tarehe 17 Agosti 1889 mwamuzi huyo alitoa neno lake: haikuthibitishwa kwamba ahadi zilizotajwa na Wajerumani zilikuwa mapatano kamili yenye kufunga, na kwa hiyo Sultani aweza kutia sahihi mkataba na Waingereza.

Wanasheria wameusifu uamuzi huo kwa utaratibu wake. La kuangaliwa hapa ni nani aliyekuwamo barazani na nani hakuwamo. Mali iliyogombewa ilikuwa forodha ya Sultani. Mapato yake yalitoka kwa Waswahili wa Lamu na majahazi yao. Ushahidi ulikuwa barua na maneno ya kinywa ya mtawala aliyekwisha kufa. Lakini wenye shauri walikuwa Berlin na London, na mwamuzi alikuwa Mbelgiji. Sayyid Khalifa, aliyemrithi Barghash, alikuwa kitu kinachozungumzwa. Mwaka mmoja baadaye, kwa mkataba wa Julai 1890, Ujerumani iliachilia madai yake ya Witu kabisa, na mzozo uliotafutiwa mwamuzi kwa uangalifu mkubwa hivyo ukapoteza maana. Hakuna aliyeuliza Lamu walionaje.

Wakoloni walipotunga sheria juu ya jambo hili walileta ile ya kwao. Kenya ilikuwa na sheria yake mwaka 1914, iliyofuata mwendo wa Kiingereza, na Tanganyika mwaka 1931. Kenya huru ilitunga nyingine mwaka 1968, nayo pia kwa kuiga ya Uingereza. Kwa miaka hiyo yote mahakama zilikuwa na mkono mrefu sana juu ya waamuzi, na mtu aliyeshindwa alikuwa na milango mingi ya kutokea.

Jaribio kubwa zaidi lakini halikuja kwa njia ya mahakama wala ya mwamuzi. Lilikuja kwa reli yenyewe. Mkataba wa Kampala wa mwaka 1967 ulikuwa umeunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, na reli ya Ainabkoi ikawa mali ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, yaani mali ya nchi tatu kwa pamoja. Mkataba huo ulikuwa hata na baraza lake la kukata mashauri ya Soko la Pamoja. Mambo yalipoharibika, baraza hilo halikuweza kuzuia kitu. Mwezi wa Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na katikati ya mwaka huo Jumuiya ikafa. Zilibaki injini, mabehewa, meli za ziwani, ndege, mitambo ya simu, majengo, madeni ya nje na haki za wafanyakazi wa miaka mingi, na hapakuwa na aliyejua kipi ni cha nani.

Hapo nchi tatu hazikumtafuta mwamuzi. Zilikubali msuluhishi, Victor Umbricht wa Uswisi, aliyeanza kazi mwaka 1978 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Umbricht hakuwa na mamlaka ya kumlazimisha yeyote. Alihesabu mali, akapendekeza, akakataliwa, akarudi tena na mapendekezo mengine. Katikati ya kazi hiyo Uganda na Tanzania zilipigana, Idi Amin akaanguka, serikali za Kampala zikabadilika mara kadhaa, na Kenya ikawa na Rais mpya. Hatimaye tarehe 14 Mei 1984 huko Arusha, Nyerere, Moi na Obote walitia sahihi mapatano. Kenya ilipata asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Kwa jumla kila nchi ilibaki na mali iliyokuwa katika ardhi yake, na Uganda, ambayo fungu lake lilipungua, ikastahili kufidiwa na wenziwe. Ndivyo mataruma ya Ainabkoi yalivyopata mwenyewe mmoja.

Kazi hiyo ilichukua miaka sita na zaidi. Mtu mwenye haraka atasema mwamuzi angaliimaliza kwa miwili. Yamkini, lakini uamuzi uliolazimishwa mwaka 1979, wakati mpaka umefungwa na askari wangali vitani, ungalitekelezwa na nani? Mali yenyewe ilikuwa mikononi mwa wenye kuishikilia. Suluhu ilifaa kwa sababu wenye ugomvi walikuwa majirani wasioweza kuhama, kama wale wa kokwet. Mkataba mpya wa Jumuiya wa mwaka 1999 umeipa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki uwezo wa kukata pia mashauri ambayo wenye mikataba wameahidiana kuyapeleka kwake kwa uamuzi, na mikataba ya biashara ni miongoni mwake.

Kwa mgeni mwenye fedha mambo ni tofauti, na hapa mwaka 1989 una nafasi ya pekee katika historia ya Kenya. Tarehe 10 Februari mwaka huo Kenya ilijiunga na Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao huzitaka mahakama za nchi wanachama kutekeleza maamuzi yaliyotolewa katika nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Tanzania ilikuwa imejiunga tangu mwaka 1964. Uganda ilifuata mwaka 1992. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba aliyeshinda London aweza kuja Nairobi na karatasi yake kukamata mali ya aliyeshindwa, bila kesi kuanza upya.

Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 27 Aprili 1989, serikali ya Kenya ilitia sahihi mkataba na kampuni ya World Duty Free juu ya maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Mkataba ulisema kwamba ugomvi utapelekwa mbele ya kituo cha uamuzi cha Benki ya Dunia kilicho Washington. Ugomvi ulipozuka kampuni ilidai kunyang'anywa mali yake. Lakini katika maelezo yake yenyewe ilikiri kwamba, ili ipate mkataba, mkuu wake alimpa Rais Moi dola milioni 2. Tarehe 4 Oktoba 2006 waamuzi watatu, wakiongozwa na Mfaransa Gilbert Guillaume, waliyatupa madai hayo. Walisema kwamba fedha hizo zilikuwa rushwa, na kwamba rushwa ni kinyume cha maadili ya mataifa yote. Mkataba uliopatikana kwayo haustahili kulindwa.

Kenya ilishinda. Ilishinda, hata hivyo, kwa kuthibitisha aibu ya mkuu wake wa nchi, na waamuzi wenyewe hawakuficha kwamba jambo hilo liliwasumbua, hasa kwa kuwa hapakuonekana juhudi ya kumshtaki mpokeaji wala kuzirudisha fedha. Mtoaji alipoteza kila kitu, mpokeaji hakuguswa. Mwananchi ambaye kodi yake ililipa mawakili alikuwa na nafasi ileile ya mtu wa Lamu mwaka 1889.

Sheria ya Kenya ya mwaka 1995 iliacha kuiga Uingereza na kufuata kielelezo kilichotungwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Ilikata ule mkono mrefu wa mahakama. Katika shauri la Nyutu Agrovet na Airtel, ambamo mwamuzi aliipa kampuni ya Nyutu zaidi ya shilingi milioni 500 na Mahakama Kuu ikautangua uamuzi huo, Mahakama ya Juu ilisema mwezi wa Desemba 2019 kwamba rufani baada ya hapo yaweza kuruhusiwa mara chache tu, kwa sababu nzito. Mwaka 2013 nchi ilikuwa imetunga sheria ya kuanzisha Kituo cha Nairobi cha uamuzi wa kimataifa, kwa matumaini kwamba mashauri ya Afrika Mashariki yatakatwa hapahapa na nauli za London zitapungua.

Kielelezo hicho cha mwaka 1985, na sheria ya Kenya pamoja nacho, vina kifungu ambacho hakijapewa uzito unaostahili: wenye shauri wako huru kuchagua lugha itakayotumika. Hakuna sheria inayomkataza mnunuzi wa viazi wa Kampala na muuzaji wa Ainabkoi kuandika kwamba ugomvi wao utakatwa na mtu mmoja, Eldoret, kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni kifungu chenyewe, kilichoandikwa kwa maneno yasiyoteleza, ambacho wakili wa mji mdogo aweza kukinakili bila kuwachanganya wateja wake. Kwa sasa wengi hunakili kile cha Kiingereza, na anayetia sahihi huelezwa kwa mdomo kwamba "kukitokea neno, tutasuluhishwa".