Nilikuwa Ndani, Bibi Alikuwa Nje

Usiku mmoja nilikwenda kwenye tamasha la wazi, uwanja usio mbali na kwa bibi yangu. Nilisimama nyuma kabisa. Besi ilinitikisa kifua, lakini maneno ya mwimbaji sikuyapata. Asubuhi nikamkuta bibi ana macho mekundu. "Mjukuu wangu, sikulala. Hata vyombo kabatini vilikuwa vinacheza."

Yaani mimi niliyelipa kiingilio sikusikia, na yeye ambaye hakulipa alisikia mpaka alfajiri. Imekuwaje?

Turudi New York, 15 Agosti 1965. The Beatles wanapiga Shea Stadium mbele ya watu zaidi ya 55,000. Wana amplifaya za wati 100, na sauti zao zinapitia vipaza sauti vya uwanja, vile vya kutangazia mechi. Mayowe ya mashabiki yakawameza; wenyewe hawakujisikia. Mwaka uliofuata wakaacha ziara moja kwa moja.

Jibu lililofuata lilikuwa nguvu zaidi. Woodstock, mwaka 1969, fundi Bill Hanley alipandisha spika juu ya minara ili sauti iwafikie mamia ya maelfu shambani. Mwaka 1974 Grateful Dead wakajenga ukuta mzima wa spika nyuma yao, wati zaidi ya 26,000. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tuliporithi imani kwamba sauti nzuri ni sauti kubwa.

Lakini mwaka mmoja kabla ya ukuta ule, Watkins Glen, mafundi walikuwa wameonyesha njia nyingine. Watu walikuwa kama 600,000. Spika za ziada ziliwekwa katikati ya umati, na sauti yake ikacheleweshwa kwa mitambo ya kidijitali. Kwa nini icheleweshwe? Sauti hewani husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 340 kutoka jukwaani husikia sekunde nzima baadaye. Bila kuchelewesha spika iliyo karibu naye, angesikia kila neno mara mbili.

Somo hilo ndilo lililokosekana usiku ule. Maneno hubebwa zaidi na sauti za juu, ambazo huzuilika kirahisi. Besi hupinda kona na kupenya kuta. Ukiongeza sauti jukwaani tu, wa nyuma haongezewi maneno ya kutosha, ila jirani anaongezewa mtikisiko.

Kenya ilitunga kanuni za kelele mwaka 2009, Tanzania mwaka 2015. Ni vizuri, ila kanuni humjia fundi akiwa ameshafunga mitambo. Swali lenyewe linatakiwa kuulizwa mchana, uwanja ukiwa mtupu: spika zikae wapi, zielekee wapi, na nani analala nyuma ya ule ukuta?

Napenda muziki, sitaki uzimwe. Nataka tu niusikie mimi, bibi alale.