Profesa wa Kihispania na maneno ya kijijini kwao

Katikati ya Asturias, jimbo la milima kaskazini mwa Hispania, unywele mmoja huitwa "pilu". Nywele za kichwa kizima ni "pelo". Mswahili hashangai, maana naye ana unywele na nywele. Kihispania hakina mambo hayo: kote ni "pelo". Basi mtoto aliyesema "pilu" darasani enzi za dikteta Franco alihesabiwa amekosea, kwa kuwa shule ilitambua Kihispania tu, na Kiasturia, au bable kama wengi walivyokiita, kilichukuliwa kuwa Kihispania kibovu cha watu wa shamba.

Xosé Lluis García Arias alizaliwa mwaka 1945 Teverga, katika milima hiyo. Alisomea lugha za jamii ya Kilatini na kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oviedo, ambako Emilio Alarcos Llorach, mmoja wa vigogo wa sarufi ya Kihispania, alikuwa akifundisha tangu miaka ya 1950. Kijana mwenye elimu hiyo angeweza kumaliza maisha yake akichambua fasihi ya Madrid. Yeye tasnifu yake ya udaktari aliiandika juu ya usemi wa Teverga. Vifaa vya kupimia Kihispania akavirudisha nyumbani, akapimia maneno ya wakulima na wafugaji.

Hakuwa wa kwanza kuona thamani ya Kiasturia. Padri Antón de Marirreguera alitunga mashairi kwa Kiasturia tangu mwaka 1639, na mwishoni mwa karne ya 18 Jovellanos, mwanasiasa na mwandishi, alitaka iundwe akademia na kamusi. Mpango ukabaki kwenye karatasi.

Mwaka 1974, Franco akiwa bado hai, García Arias na wenzake wawili, Xuan Xosé Sánchez Vicente na Lluis Xabel Álvarez, walianzisha Conceyu Bable. "Conceyu" ni baraza la wanakijiji, na jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Walianza na kurasa za gazeti la Asturias Semanal, wakidai jambo moja jepesi kulitamka: bable ifundishwe shuleni. Franco alikufa mwaka uliofuata, na dai likaingia barabarani.

Akademia ya Lugha ya Kiasturia iliundwa mwishoni mwa mwaka 1980. García Arias aliiongoza hadi 2001. Hapo ndipo kazi ngumu ilipokuwa. Mbwa mwitu ni "llobu" katikati ya jimbo, lakini sehemu za magharibi sauti ya mwanzo husikika karibu na "ts". Uandike vipi? Akademia iliegemea usemi wa katikati, na watu wa magharibi wakapewa herufi yao: l mbili zenye vitone chini. Wapinzani walisema hiyo ni lugha iliyotungwa mezani. Wazee wa Mombasa, walioona Kiunguja kikifanywa sanifu, wanaijua lawama hiyo.

Kwangu mimi, urithi mkubwa wa mtu huyu ni kamusi kuliko akademia. Kamusi yake kuu ya Kiasturia ilitoka kati ya 2002 na 2004, kisha akaingia katika etimolojia, akifuata neno moja moja kutoka hati za kale hadi kinywani mwa mzee wa kijijini. Ukishaonyesha kwamba neno lilitoka kwenye Kilatini kwa njia yake lenyewe, bila kupitia Kihispania, hoja ya "Kihispania kibovu" imekwisha.

Kisiasa haijaisha. Kiasturia kiliingia shuleni miaka ya 1980 kama somo la hiari, na sheria ya mwaka 1998 inakilinda, lakini si lugha rasmi. Kukifanya rasmi kunahitaji kura 27 kati ya 45 za bunge la jimbo. Mwaka 2021 hazikupatikana. Ng'ambo ya mpaka, katika mji mdogo wa Miranda do Douro, Ureno ilikwisha kuzitambua kisheria haki za Kimiranda, ndugu wa damu wa Kiasturia, tangu Januari 1999.