Uhuru na Lugha ya Nyumbani

Kila Desemba 9 tunakutana, tunapandisha bendera, tunaimba wimbo wa taifa, tunakula pilau. Mwaka jana wakati wa wimbo niliwatazama watoto wetu. Wadogo walikuwa wakifungua na kufunga midomo, wakisubiri lile neno "ibariki" ndipo watoe sauti. Mwanangu ni mmoja wao, na sababu naijua, kwa hiyo nianze kwa kukiri.

Alipokuwa na miaka 3, hapa hapa Kenmore, mtaalamu mmoja alinishauri niache kusema naye Kiswahili. Alisema mtoto atachanganyikiwa na atachelewa shule. Mimi ni nesi, nimesomea kazi hii nchi hii hii, na bado nilitii kwa karibu mwaka mzima. Baadaye nikauliza ushauri ule ulianzia wapi. Kumbe una historia ndefu, na historia hiyo inagusa siku tunayoiadhimisha leo.

Mwaka 1923 mtafiti D. J. Saer alitoa matokeo ya vipimo alivyowapa watoto wa shule huko Wales, Uingereza. Watoto wa vijijini waliosema Kiwelisi na Kiingereza walipata alama za chini kuliko wenzao wa lugha moja. Ikasadikika kwamba lugha mbili huchosha akili ya mtoto. Tafiti nyingi za zama zile hazikupima vizuri hali ya maisha ya watoto, wala kiasi walichoijua lugha ya mtihani. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert walirudia swali hilo huko Montreal, Kanada. Waliwalinganisha watoto wa miaka 10 wa hali moja ya maisha, na waliojua vizuri Kifaransa na Kiingereza wakawapita wenzao wa lugha moja. Tangu hapo wataalamu wamebishana sana kuhusu ukubwa wa faida hiyo. Lakini ile hofu ya kwamba lugha mbili humdhuru mtoto haikuthibitika. Ukipima lugha moja peke yake unaweza kukuta maneno yake ni machache. Ukijumlisha zote mbili, hapungukiwi. Mtoto anayechelewa kusema apelekwe kupimwa, lakini tusimwambie mama kwamba lugha yake ndiyo ugonjwa.

Wakati watafiti wale wanatoa matokeo yao, Tanganyika ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kiongozi wake alikuwa mtoto wa lugha tatu. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama akisema Kizanaki. Alianza shule Musoma akiwa na miaka 12, akajifunza Kiswahili, kisha Kiingereza, hadi akafika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Hakuna lugha iliyoifukuza nyingine kichwani mwake. Akiwa Rais alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilichagua Kiswahili kuwa lugha ya wote, na mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria. Kiswahili kikawa lugha ya shule ya msingi, mahakama ya mwanzo, redio na siasa. Wazee wetu hawakukaa kusubiri lugha ijikuze yenyewe.

Tuseme na upande wa pili. Bibi yangu Bukoba alisema Kihaya. Baba na mama walisema Kihaya wao kwa wao, lakini sisi watoto tulikulia Mwanza, wakasema nasi Kiswahili ili tusibaki nyuma. Leo Kihaya nakisikia, nikitaka kujibu nakwama. Wazazi wangu walifanya kwa mapenzi kile nilichotaka kukifanya mimi hapa: kumpa mtoto lugha kubwa na kumnyima ile ndogo. Lugha hutoweka namna hiyo, nyumba moja baada ya nyingine, bila mtu kupiga marufuku.

Mahali pengine marufuku ilipigwa kweli. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Marekani iliingiwa na chuki dhidi ya Kijerumani. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska lilipitisha sheria ya kuzuia watoto wasiomaliza darasa la 8 wasifundishwe lugha za kigeni. Mwalimu Robert Meyer alitozwa faini kwa kumsomesha mtoto wa miaka 10 kwa Kijerumani. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema sheria hiyo inavunja uhuru unaolindwa na Katiba. Kwa hiyo, wazazi wenzangu, Kiswahili tunachosema nyumbani si fadhila tuliyopewa. Ni haki iliyopiganiwa hapa hapa.

Lakini haki isiyotumika haimsaidii mtoto. Tazameni jirani zetu wa Buffalo. Wajerumani walikuwa wengi hapa, na makanisa na magazeti ya lugha yao. Wapolandi walianzisha parokia ya Mtakatifu Stanislaus mwaka 1873, na gazeti lao la kila siku lilisomwa hadi miaka ya 1950. Leo, kila Jumatatu ya Pasaka, wajukuu wao hufurika mitaani kwa Dyngus Day wamevaa nyekundu na nyeupe. Wanakula soseji, wanacheza polka. Wangapi wanaweza kuzungumza Kipolandi na bibi yao? Sicheki. Nikiona pilau yetu na vitenge vyetu vya Desemba 9, najiuliza kama sisi nasi hatutabaki na chakula na nguo tu.

Mimi nilirudi kwenye Kiswahili mwanangu alipofikisha miaka 4. Kwanza alinijibu kwa Kiingereza tu, na mimi nikaendelea kumjibu kwa Kiswahili bila kumgombeza. Mezani ni Kiswahili. Kila Jumapili anamwamkia bibi yake kwa simu, "shikamoo", kisha anamweleza mwenyewe alichofanya wiki nzima. Akikosa neno, bibi anampa. Tunao pia ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi, wengi wao waliopitia kambi za Kigoma. Kiswahili chao mtakisikia Grant Street kila siku. Watoto wacheze pamoja, na tusikicheke Kiswahili cha mtu. Shuleni Kiingereza kitakuja chenyewe. Cha mwanangu kimekuja, na hakuchelewa.

Kazini nimemwona bibi mgonjwa akimtazama mjukuu aliyekaa kando ya kitanda chake. Mkalimani wa hospitali alikuwapo kwenye simu, dawa zilielezwa zote vizuri. Alipokata simu, wale wawili wakabaki wameshikana mikono kimya, kila mmoja na lugha yake.

Nanyi watoto mtakaosomewa makala hii: mwaka huu wimbo tutauimba beti zote. Anzeni kujifunza leo, na mama na baba wawafundishe maana ya kila neno.

Heri ya Uhuru kwenu nyote.