Programu Yangu Ilikufa, ya Eldoret Ikaishi

Wiki jana kijana mmoja anayesomea kompyuta chuoni aliniuliza: "Mkuu, nataka kujitolea katika zahanati ya shirika moja la hisani. Niwatengenezee programu gani?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Nikaanza kuandika, nikafuta, nikaandika tena, mwishowe nikaona afadhali niwaletee hadithi yote hapa. Sehemu ndogo ya hadithi hii ni yangu. Sehemu kubwa ni historia iliyotokea hapa hapa Kenya, na ninashangaa jinsi sisi waandishi wa programu tusivyoijua.

Nianze na ile sehemu yangu, ambayo ni ya aibu.

Mwaka 2004 nilikuwa nimemaliza masomo na sina kazi. Karibu na kwetu palikuwa na zahanati ndogo ya shirika lisilo la kiserikali. Sista mkuu aliweka kumbukumbu za wagonjwa wa kifua kikuu katika daftari kubwa lenye jalada jeusi. Kila asubuhi alilifungua na kupitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta nani alipaswa kuja kuchukua dawa jana na hakuja. Wanaojua ugonjwa huu wanajua kwamba dawa zake hunywewa kwa miezi mingi, na mgonjwa akipata nafuu hujiona amepona, akaziacha. Hapo ndipo ugonjwa hurudi ukiwa sugu.

Mimi nikaona daftari, nikacheka moyoni. Kwa muda wa miezi miwili niliwaandikia programu kwa Microsoft Access. Ukiwasha kompyuta asubuhi, orodha ya waliokosa kuja inatokea yenyewe. Sista alifurahi kweli kweli. Nikamfundisha karani mmoja kuingiza majina, kisha nikawaambia neno ambalo nalijutia hadi leo: "Sasa mnaweza kuachana na daftari."

Mwaka uliofuata nilipata kazi Nairobi. Baada ya miezi michache yule karani naye akapata kazi kwingine. Kisha stima ikapotea na kurudi kwa kishindo, diski ikafa. Nakala pekee ya akiba ilikuwa katika droo yangu Nairobi, tena ya miezi minne nyuma. Sista alinipigia simu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu: "Mwanangu, ile orodha yetu imekwenda." Yeye na wenzake walizunguka mtaani kwa miguu, nyumba kwa nyumba, wakiwatafuta wagonjwa kwa kukumbuka sura. Wengi walipatikana. Wawili hawakupatikana.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba kosa lilikuwa la stima. Halafu nikaja kusoma historia ya jambo lililokuwa likitokea miaka ile ile kule Bonde la Ufa, na faraja hiyo ikaniishia.

Mosoriot ni kituo cha afya cha mashambani katika nchi ya Wanandi, si mbali na Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na madaktari wa pande zote mbili walikuwa wakitembeleana. Mwaka 2001 watu wa ushirikiano huo waliweka pale Mosoriot mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Miongoni mwao walikuwa Joseph Rotich wa Moi, William Tierney wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, na Terry Hannan, daktari kutoka Australia.

Sasa sikilizeni vifaa vyao: kompyuta mbili zilizounganishwa, printa moja, na betri za kuchajiwa kwa jua stima ikipotea. Na programu? Microsoft Access! Ile ile niliyotumia mimi. Basi siwezi kusema kwamba wao walikuwa na mitambo ya kizungu na mimi nilikuwa na takataka.

Tofauti ilikuwa kwingine. Kwanza, hawakutupa karatasi. Mgonjwa alitembea na fomu yake kutoka chumba hadi chumba, na makarani wakaingiza yaliyoandikwa. Kompyuta ikizimika, kazi inaendelea na karatasi zipo. Pili, makarani walikuwa wafanyakazi wa pale pale, si mgeni wa Jumamosi. Tatu, walipima. Kabla ya mfumo na baada yake, walihesabu muda wa wagonjwa na wahudumu, na mwaka 2003 wakachapisha matokeo: muda ambao mgonjwa anakaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Mimi sikupima chochote. Nilijua tu kwamba sista alifurahi.

Mwaka huo huo wa 2001 ushirikiano wa Moi na Indiana ulianzisha AMPATH, mpango wa kutibu UKIMWI uliokuwa na makao yake katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Mnakumbuka miaka ile. Tulikuwa tunazika kila Jumamosi. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kupatikana, wagonjwa walimiminika, na dawa hizi ni za maisha, hazina mwisho kama za kifua kikuu. Mfumo uliotokana na ule wa Mosoriot ukaanza kulemewa. Access haikutengenezwa kwa kazi ya ukubwa huo.

Mwezi Februari 2004 madaktari wawili wa Regenstrief ambao pia ni watu wa kompyuta, Paul Biondich na Burke Mamlin, walikuja Eldoret kutazama jinsi ya kuupanua mfumo huo. Wakaona kwamba kuweka kiraka hakutatosha. Wakaanza upya, kwa lugha ya Java na hifadhidata ya MySQL, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa OpenMRS. Mwaka huo huo walikutana na Hamish Fraser wa Partners In Health, shirika lisilo la faida lililokuwa na tatizo lile lile kwingineko. Badala ya kila mmoja kujenga kibanda chake, wakakubaliana kujenga nyumba moja. Chris Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini naye akajiunga. Februari 2006 mfumo mpya ulianza kazi AMPATH. Kabla ya mwaka huo kwisha ulikuwa umefika Rwinkwavu nchini Rwanda na KwaZulu-Natal, Afrika Kusini.

Niwaeleze jambo moja la kiufundi, kwa sababu ndilo kiini cha yote. Katika programu yangu, kila swali la daktari lilikuwa safu katika jedwali. Sista akitaka kuongeza swali, kwa mfano uzito wa mgonjwa, ilibidi mimi nije nifungue jedwali na kuongeza safu. Maana yake zahanati ilinihitaji mimi milele. Katika OpenMRS, swali lenyewe ni mstari tu ndani ya kile wanachokiita kamusi ya dhana. Majibu yote huhifadhiwa mahali pamoja, kila jibu likionyesha ni la swali gani katika kamusi. Ukitaka swali jipya unaongeza neno kwenye kamusi. Jedwali haliguswi, na mwandishi wa programu haitwi. Mhudumu aliyefundishwa anaweza kufanya hivyo mwenyewe.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikaa kimya. Hawa watu walikuwa wameandika programu wakiwa tayari wanafikiria siku ambayo wao hawatakuwepo.

Kisha wakaweka msimbo wazi kama programu huria, yeyote ausome, aurekebishe. Kuanzia mwaka 2007 walishiriki katika mpango wa Google wa kuwalipa wanafunzi posho wakati wa likizo waandike programu huria, na wazoefu wakawa wanawaelekeza wanafunzi hao. Watu wa nchi mbalimbali wakaanza kuchangia, mmoja moduli, mwingine tafsiri, mwingine anajibu tu maswali ya wageni. Mtu mmoja akichoka au akipata kazi, kama mimi nilivyopata, mwingine anachukua pale alipoachia, kwa sababu kila kitu kimeandikwa na kiko mahali panapoonekana. Hapa kwetu, Wizara ya Afya na washirika wake walianza mwaka 2012 kusambaza KenyaEMR, ambayo imejengwa juu ya OpenMRS, na ikaingia katika mamia ya vituo. Safari iliyoanza na kompyuta mbili Mosoriot ikarudi nyumbani kwa mlango mwingine.

Wazee wetu walilijua somo hili kabla ya kompyuta. Mzee Kenyatta alipotoa wito wa harambee mwaka 1963, watu walichanga, wakabeba mawe, wakajenga shule na zahanati kwa mikono yao. Ni jambo la fahari. Lakini baadhi ya zahanati hizo zilisimama miaka na miaka bila muuguzi wala dawa, kwa sababu kuta zilichangiwa na mshahara wa muuguzi haukuchangiwa na mtu. Kuchangia ukuta kuna siku yake, ngoma na picha. Mshahara unakuja kila mwisho wa mwezi, wala hauna ngoma. Programu yangu ya 2004 ilikuwa ukuta wa harambee.

Wala nisiwadanganye kwamba mashirika makubwa hayana shida hiyo. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, likafikia mwisho wake. Kazi nyingi za UKIMWI hapa nchini, pamoja na za AMPATH, zilitegemea sana fedha hizo, na wafanyakazi wengi walirudi nyumbani. Msimbo wa OpenMRS haukufutwa na agizo la mtu yeyote, bado upo na uko wazi. Lakini msimbo haumlipi karani. Kuweka wazi kulitatua nusu ya tatizo, ile ya mwandishi kuondoka. Nusu ya pili, ya mlipaji kuondoka, bado iko mezani petu sisi Wakenya.

Sasa kijana wangu, jibu lako ni hili. Usianze na programu. Nenda ukakae na karani wiki mbili, uandike kwa kalamu kama anavyoandika yeye. Ukiona kompyuta itasaidia, tafuta kwanza kama ipo programu huria inayofanya kazi hiyo, ujifunze hiyo, hata kama inakuchosha kuliko kuandika yako. Fundisha watu wawili, si mmoja. Nakala ya akiba ikae kwao, na siku moja uwaambie wairudishe wao wenyewe bila wewe kugusa kitu. Na daftari, tafadhali, usiliondoe mpaka wao wenyewe walisahau.

Mimi nilirudi kwenye ile zahanati, ingawa nilichelewa. Nilienda Jumamosi sita. Sikuandika mstari hata mmoja wa msimbo. Nilikaa karibu na sista, yeye akisoma makaratasi ya zamani na kukumbuka majina, mimi nikiyaandika katika daftari jipya lenye jalada jeusi. Ya sita ilipokwisha alinipa chai na mandazi, akaniambia, "Sasa umetusaidia."

Haya, niishie hapo kwa leo. Siku njema.