Mafunzo ya kuiga hatari yanavyowaandaa askari na waokoaji kisaikolojia

Askari wa zimamoto hufundishwa kushika mpira wa maji kabla ya kupelekwa kwenye moto. Polisi hufundishwa kulenga shabaha, na mhudumu wa gari la wagonjwa hufundishwa kuzuia damu isiendelee kuvuja. Kwa miaka mingi, hata hivyo, jambo moja liliachwa kila mtu alitafutie njia yake mwenyewe: namna ya kuituliza akili pale moyo unapokwenda mbio, mikono inapotetemeka na mayowe yanapozidi pande zote.

Athari za pengo hilo zimeonekana katika vizazi vingi vya wapiganaji. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la tiba kuhusu askari waliopoteza kuona, kunusa na kumbukumbu baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Ilichukua hadi mwaka 1980 kwa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kuyaingiza maradhi ya kiwewe katika mwongozo wake rasmi, miaka mitano baada ya vita vya Vietnam kumalizika.

Vita vilivyofuata viliongeza uzito wa tatizo. Ripoti ya taasisi ya utafiti ya RAND, iliyotolewa mwaka 2008, ilikadiria kuwa miongoni mwa Wamarekani wapatao milioni 1.64 waliokuwa wamepelekwa Iraki na Afghanistan, karibu 300,000 walikuwa na kiwewe au sonona. Takriban nusu yao tu ndio waliokuwa wamemwona daktari au mtaalamu wa afya ya akili kuhusu hali hiyo katika mwaka uliotangulia.

Waliobaki hawakukosa hospitali. Wengi walihofia kwamba wakuu wao wangewaona dhaifu, wenzao wangepoteza imani nao na vyeo vyao vingekuwa hatarini. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na miongoni mwa watu waliozoea kuitwa mashujaa, kuficha huwa kama sehemu ya sare.

Hapo ndipo mafunzo ya stadi za kisaikolojia yalipopata nafasi. Askari anaweza kukataa kuitwa mgonjwa, lakini si rahisi akatae zoezi. Ukimwambia kuwa kupumua kwa utaratibu kutamsaidia kulenga vizuri na kufanya uamuzi sahihi, atajifunza pamoja na kikosi chake bila aibu. Stadi hiyo hiyo ndiyo itakayomfaa usiku atakapokosa usingizi.

Msingi wa kitaalamu wa mafunzo hayo uliwekwa katika miaka ya 1970 na mwanasaikolojia Donald Meichenbaum wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Aliifananisha njia yake na chanjo. Kama vile mwili unavyopewa kiasi kidogo cha kijidudu kilichodhoofishwa ili ujenge kinga, ndivyo akili inavyopewa kiasi kidogo cha shinikizo ambacho mtu anaweza kukimudu, kisha kiasi hicho huongezwa polepole. Katika muongo huo huo mwanasaikolojia Raymond Novaco aliitumia njia hiyo kuwafundisha polisi wa Marekani kudhibiti hasira kazini.

Mafunzo hayo yana hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mtu huelezwa jinsi mwili wake unavyoipokea hofu, ili asidhani kwamba kutetemeka ni dalili ya uoga au wazimu. Katika hatua ya pili hufundishwa stadi na kuzirudia hadi zimkae. Katika hatua ya tatu huzitumia chini ya shinikizo linalokaribia lile la kazi yenyewe.

Stadi zinazofundishwa zaidi ni nne. Ya kwanza ni pumzi. Mtu huvuta hewa polepole kwa hesabu ya nne, huizuia kwa hesabu ya nne, huitoa kwa hesabu ya nne, kisha hutulia kwa hesabu ya nne kabla ya kuanza tena. Hofu huongeza kasi ya moyo na ya pumzi bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Katika hivyo viwili, pumzi ndiyo ambayo mtu anaweza kuitawala kwa makusudi, na inapopungua kasi, moyo nao hufuata.

Ya pili ni maneno ambayo mtu hujiambia moyoni. Mzimamoto aliyezingirwa na moshi anayejiambia kuwa amekwisha hutenda tofauti na yule anayejiambia kuwa ukuta uko kushoto na inambidi aufuate. Ya tatu ni kuitazama kazi akilini kabla haijaanza, hatua kwa hatua, pamoja na mambo yanayoweza kuharibika. Ya nne ni kuigawa kazi kubwa katika malengo madogo, ili akili ishughulikie dakika iliyopo badala ya kulemewa na yote yaliyo mbele.

Stadi hizo nne zimo katika mpango wa Jeshi la Kanada uitwao Road to Mental Readiness, ambao baadaye ulirekebishwa kwa ajili ya polisi na watumishi wengine wa dharura. Mpango huo hutumia pia kipimo cha rangi nne, yaani kijani, njano, rangi ya chungwa na nyekundu, kumsaidia mtu kueleza hali yake. Kwa watu wengi ni rahisi kusema "nimefika njano" kuliko kusema "nimeanza kuugua".

Tatizo ni kwamba stadi iliyofundishwa darasani, penye viti na utulivu, huweza kutoweka siku ya hatari. Ndiyo sababu wataalamu wakageukia uigaji, yaani kutengeneza hali inayofanana na ile ya kweli lakini isiyoua. Marubani walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alikamilisha mtambo wa kufundishia urubani ambao haukuondoka ardhini, na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia maelfu kwa maelfu ya marubani walijifunzia humo kuruka kwa kutegemea vipimo tu.

Swali lililobaki lilikuwa iwapo mwili hudanganyika kwa hatari ya kuigiza. Jibu lilitoka katika shule ya kijeshi ya Marekani inayowafundisha askari kustahimili kutekwa na adui. Katika mfululizo wa tafiti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, daktari wa akili Charles Morgan na wenzake walikuta kwamba homoni za mfadhaiko za wanafunzi hao zilipanda kwa kiwango kikubwa sana, ingawa wote walijua kuwa ni zoezi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na kuhusisha askari zaidi ya 500, wengi wa waliohojiwa kwa ukali walishindwa baadaye kumtambua mtu aliyewahoji, japo walikuwa wamekaa naye ana kwa ana.

Matokeo hayo yana maana mbili kwa wakufunzi. Kwanza, uigaji uliotayarishwa vizuri humfikisha mtu mahali ambapo stadi zake zinaweza kupimwa kwa haki. Pili, uigaji wenyewe una nguvu ya kuumiza, hivyo haufai kuendeshwa kama mchezo.

Miongoni mwa watumishi wa dharura, mfano mmoja unaotajwa na watafiti unatoka Uswidi. Bengt Arnetz na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu polisi wapya 18 katika makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kwa wiki kumi kujituliza na kuyapitia akilini matukio magumu ya kazi. Mwaka mmoja baadaye wote walipitishwa katika tukio la kuigizwa. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, waliofundishwa walifanya kazi vizuri zaidi, na mapigo ya mioyo yao hayakupanda kama ya wenzao.

Nchini Ufini nako, utafiti wa Judith Andersen na Harri Gustafsberg uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa askari wa kikosi maalumu cha polisi waliofundishwa kudhibiti miili yao walifanya maamuzi sahihi zaidi kuhusu matumizi ya nguvu. Idadi ya washiriki katika tafiti zote mbili ni ndogo, lakini zinagusa jambo zito. Polisi aliyetaharuki hajidhuru peke yake, kwani risasi yake inaweza kumpata mtu aliyekuwa akitoa simu mfukoni.

Kwa wanajeshi waliokwisha kurudi nyumbani na vita vikiwa bado vinawaandama, uigaji ulichukua sura nyingine. Mwaka 1997, mjini Atlanta, Barbara Rothbaum na Larry Hodges walianza kuwatibu wapiganaji wa zamani kwa mtambo ulioitwa Virtual Vietnam. Mgonjwa alivaa kofia yenye skrini mbele ya macho na kujiona ndani ya helikopta au katika uwazi uliozungukwa na msitu, zaidi ya miaka 20 baada ya vita hivyo kwisha.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ambayo yaliwaua askari 343 wa zimamoto wa New York, mwanasaikolojia JoAnn Difede alishirikiana na Hunter Hoffman kutengeneza mandhari ya kompyuta ya maghorofa yaliyoshambuliwa. Ripoti ya mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa njia hiyo ilichapishwa mwaka 2002.

Mtambo uliojulikana zaidi ni ule wa Albert Rizzo wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Kuanzia mwaka 2004, timu yake ilitumia picha za mchezo wa kompyuta wa Full Spectrum Warrior kujenga barabara za jangwani na mitaa ya mji wa Iraki. Jukwaa lililo chini ya miguu hutetemeka gari linapokwenda, na mashine ndogo hutoa harufu za baruti, dizeli, mpira unaoungua na viungo vya sokoni.

Anayeongoza yote hayo ni mtaalamu aliyeketi kando, mbele ya skrini yake. Yeye huamua kama kutakuwa usiku au mchana, kama helikopta itapita, na kama bomu litalipuka. Mgonjwa husimulia kilichompata na kutaja kiwango cha hofu yake kwa namba kati ya 0 na 100. Namba ikipanda mno, mtaalamu hupunguza kishindo, na ikishuka, husogea mbele hatua moja. Kwa kurudia hivyo kwa wiki kadhaa, kumbukumbu haifutiki, lakini hupoteza uwezo wa kumtawala mwenye nayo.

Baadaye timu hiyo hiyo ilitengeneza mpango uitwao STRIVE, unaolenga askari ambao hawajaenda vitani. Mshiriki huingia katika kikosi cha kuigizwa, huwazoea wenzake na kushuhudia tukio la kuhuzunisha. Kisha mshauri wa kuigizwa hujitokeza na kumfundisha kilichotokea katika ubongo na mwili wake, na namna ya kukikabili. Kwa njia hiyo teknolojia iliyoanza kama tiba ikarudishwa nyuma kuwa maandalizi.

Pamoja na mafanikio hayo, wataalamu wanatahadharisha dhidi ya kuutukuza mtambo. Mwaka 2016, Greg Reger na wenzake walichapisha utafiti wa wanajeshi 162 waliokuwa na maradhi ya kiwewe. Baadhi walitibiwa kwa mandhari ya kompyuta, wengine kwa njia ya kawaida ya kufumba macho na kusimulia tukio mbele ya mtaalamu, na wengine walisubiri. Makundi yote mawili yaliyotibiwa yalipata nafuu kuliko lililosubiri. Hata hivyo, kofia ya kompyuta haikuishinda njia ya kawaida, na katika vipimo vya mwezi wa tatu na wa sita baada ya tiba, waliosimulia bila mtambo ndio waliokuwa na nafuu kubwa zaidi.

Historia pia inaonya kuhusu kukimbilia suluhisho la haraka. Tangu mwaka 1983, utaratibu uliobuniwa na Jeffrey Mitchell, aliyewahi kuwa mzimamoto, ulisambaa katika vikosi vingi vya uokoaji. Waliohusika katika tukio walikusanywa na kutakiwa kueleza waliyoyaona. Mwaka 2002 tathmini ya mtandao wa Cochrane ilihitimisha kuwa mazungumzo ya namna hiyo ya mara moja tu hayazuii kiwewe, na kwamba yanaweza hata kuwadhuru baadhi ya watu.

Vivyo hivyo, mpango wa kuimarisha akili ulioanzishwa mwaka 2009 na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwa askari zaidi ya milioni moja ulilaumiwa na baadhi ya wanasaikolojia. Walisema ulipaswa kujaribiwa kwanza kwa wachache.

Mafunzo yanayoaminika zaidi, basi, yana sifa zinazofanana. Stadi hufundishwa kabla ya kishindo, ugumu huongezwa kwa hatua, mkufunzi humtazama kila mshiriki, na zoezi hurudiwa mwaka hadi mwaka. Kila zoezi humalizika kwa kutulia na kutathmini, ili mtu asitoke mlangoni moyo ukiwa bado unapiga. Chumba chenye moshi wa bandia, sauti ya king'ora na mkufunzi makini vinaweza kutimiza mengi ya hayo pasipo kompyuta ya gharama kubwa.

Kinga ni bora kuliko tiba, lakini haiondoi haja ya tiba. Jinamizi, kushtuka ovyo, kukwepa kila kinachokumbusha tukio na kujitenga na familia ni mambo yanayoweza kumpata yeyote baada ya kuona kifo kwa karibu, na kwa wengi hupungua yenyewe. Yakidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi au maisha ya nyumbani, mhusika anahitaji kumwona daktari au mwanasaikolojia. Anayefikiria kujiua hapaswi kusubiri hata siku moja. Mtu wa namna hiyo hajashindwa mafunzo, na kumwongezea zoezi ni kumchelewesha kupata msaada.