Bahasha Yenye Tundu: Jalada la Santuri Lilivyosomwa Kitale na Bungoma

Bahasha iliyo mezani pangu ni ya karatasi ya kaki. Pembe mbili zimechanika, na katikati ina tundu la mviringo. Haina picha ya mwimbaji wala jina la wimbo. Kuna jina la kampuni ya santuri kwa wino wa rangi moja, na ubavuni muhuri wa duka uliofifia hata likabaki neno moja tu la kusomeka: Kitale.

Kwa mzazi aliyenunua muziki Kitale au Bungoma miaka ya sitini na sabini, jalada la muziki lilikuwa hilo. Ng'ambo mambo yalikuwa mengine. Alex Steinweiss, aliyeajiriwa na kampuni ya Columbia ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, ndiye aliyewashawishi waajiri wake kwamba jalada lenye mchoro huuza kuliko jalada tupu. Kufikia 1967, Peter Blake na Jann Haworth walikuwa wakipanga umati wa watu mashuhuri nyuma ya Beatles kwenye albamu ya Sgt. Pepper. Sisi tulikuwa na tundu.

Wala halikuwa tundu la umaskini pekee. Muziki wetu uliuzwa hasa kwa santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo mmoja mmoja, na wimbo wa leo kesho ulikuwa umepitwa. Nani angelipia uchapishaji wa rangi nne kwa kitu cha msimu? Bahasha ya aina moja ilitosha mamia ya nyimbo, kwa kuwa lile tundu liliacha lebo ya santuri yenyewe ionekane. Kazi yote ya jalada ikabebwa na kiduara cha karatasi kisichozidi upana wa kiganja.

Ukikitazama kiduara hicho kwa karibu utashangaa kilivyosheheni. Juu kuna nembo ya kampuni. Chini yake jina la wimbo, la bendi na la mtunzi. Kisha, kwenye lebo nyingi za Kenya, lugha ya wimbo: Kiluhya, Kijaluo, Kikuyu, Kiswahili. Mara nyingine mtindo pia, twist au rumba, ili mnunuzi ajue mapema atacheza vipi. Na kwa santuri nyingi kuna maneno ambayo naona ndiyo yaliyokuwa na nguvu kuliko yote: Sehemu ya 1, Sehemu ya 2. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, basi wimbo ukakatwa katikati. Mpiga santuri alilazimika kuinua sindano, kugeuza na kuendelea, huku wachezaji wakisubiri. Wanamuziki wa benga walizoea kuimba maneno kwenye upande wa kwanza na kuziachia gitaa upande wa pili.

Neno la lugha lilikuwa na uzito wa pekee Kitale. Reli iliufikia mji huo mwaka wa 1926, na mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yakavuta vibarua kutoka kila upande. Baada ya uhuru ikaja mipango ya makazi, na familia zikahamia kutoka wilaya mbalimbali. Duka la santuri la mji kama huo halikuweza kukisia mteja anataka lugha gani. Bungoma, iliyo kwenye njia kuu ya reli ya kwenda Uganda, ni kitovu cha Wabukusu, na kukisia kulikuwa rahisi kidogo.

Nembo nayo ilimsaidia asiyejua kusoma. Santuri za Siti binti Saad, alizorekodi Bombay mwaka wa 1928, zilitolewa na HMV, kampuni ya yule mbwa anayesikiliza gramafoni, aliyechorwa na Francis Barraud. Mbwa hahitaji kusomwa. Kampuni zilizofuata zilijifunza hivyo: rangi ya lebo na picha yake viweze kutambulika kutoka upande wa pili wa kaunta.

Nyingi za santuri za kampuni hizo zilifyatuliwa Nairobi, ambako kiwanda cha East African Records kilianza kazi mwaka wa 1952. Kwa watu wa magharibi kulikuwa pia na Chandarana wa Kericho, aliyerekodi wanamuziki wa maeneo ya karibu bila kuwapeleka jiji kuu. Ndani ya bahasha hizo zisizo na sura ndimo walimopita George Mukabi wa Kakamega, aliyefariki 1963, na Daudi Kabaka. Walionunua santuri zao wangeweza kupishana nao njiani bila kuwatambua. Hilo ndilo kosa la tundu, na silitetei.

Sura ilikuja baadaye, tena kutoka mbali. Abana ba Nasery wa Bunyore, yaani Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, walivuma kwa gitaa mbili na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa mifereji yake kutoa mdundo. Mwaka wa 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya rekodi zao za zamani kwenye albamu, na wimbo uliokuwa na kiduara tu ukapata jalada kamili na maelezo. Jalada lenyewe lilikusudiwa msikilizaji wa Ulaya, asiyejua Bunyore iko wapi.

Huku nyumbani kanda zilikuwa zimeshaingia, na jalada likakunjwa kuwa kikaratasi cha kuingia kwenye kasha la plastiki. Hapo mwimbaji alionekana, lakini kwa udogo wa picha ya kitambulisho, na akidurufiwa mara ya tatu uso uligeuka doa jeusi. Zikafuata VCD, mwimbaji mmoja akitokea mara nne kwenye jalada moja, kabadilisha suti kila mara, mawingu nyuma yake. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ikaongeza stika ya uhalali, na kwa muda stika hiyo ikawa sehemu ya jalada yenye thamani kuliko picha. Leo wimbo huingia kwenye flashi ukiwa na jina la faili tu, na mara nyingi hata mtunzi hatajwi. Kiduara cha mwaka wa 1970 kilimheshimu mtunzi zaidi.

Wakusanyaji wa ng'ambo hununua santuri zetu za zamani, na wengi hutaka sahani tu. Bahasha iliyochanika huachwa sakafuni. Wewe mwenye sanduku la marehemu babu huko Kiminini, Webuye au Chwele, kabla hujauza, zitazame bahasha. Ukikuta muhuri wa duka la Kitale au Bungoma, ipige picha na uandike nyuma kwa penseli santuri iliyokuwamo. Maduka yenyewe mengi sasa yanauza simu.